Magamba na Nyuzi

Sinki yangu ilianza kwa kusitasita
kama mdaiwa anayetafuta maneno.
Namwaga maji ya vyombo, yanakaa,
yanazunguka, yananitazama,
kisha yanashuka shingo upande.

Nikamwambia Bwana Randiga, mwenye nyumba.
"Fundi anakuja Jumatatu."
Jumatatu hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka.
Mpunga wa Ahero umekwisha kuvunwa.

Kisha maji yakaanza kupanda.
Siyo yangu. Ya juu.
Nikawa najua ghorofa ya pili wamekula nini
kabla hawajafuta midomo:
jana mbuta, leo mbuta,
na magamba yakielea kwenye sinki yangu
kama sarafu za nchi nisiyoijua.
Huko juu anakaa Apondi.
Hatujasemezana tangu Novemba
kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

Basi nikaenda Kibuye.
Kijana akaniuzia dawa katika chupa ya maji ya kunywa,
haina jina, haina onyo.
"Hii, mama, inakula hata chuma."
Nikaimwaga yote. Nikangoja. Haikula kitu.
Jioni ile nilikuwa nimefunga dirisha,
mbu wa Migosi hawana adabu,
nikachukua na ile ya kung'arisha choo
nikasema, wawili watamshinda mmoja.

Hata kijiko hakijatimia
hewa ikanishika koo kwa mkono.

Mlango haukugongwa, ulisukumwa.
Apondi, leso kifuani, povu viwikoni:
"Weka chini! Usiongeze kitu, hata maji! Toka!"
Akabana pumzi, akafungua dirisha kwa kishindo,
akanivuta hadi ngazini,
tukakaa tukikohoa kama mbuzi wawili wa jirani mmoja.

Hapo ndipo nililiona jicho lake la kushoto
kwa karibu.
Miaka minne nimeliita jicho la dharau.
"Nyalenda," akasema, "bafu halina dirisha.
Nilitia magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni,
juu yake nikamimina maji yanayochemka.
Yakarudi."
Akanyamaza.
"Watu hudhani maji hushuka tu."

Usiku ule hatukugusa kitu.
Bomba likameza sumu yake polepole, kwa aibu.
Siku ya pili tukalipa maji baridi,
kidogo, tunangoja, kidogo tena,
hadi harufu ikachoka.
Siku ya tatu akashuka na glavu za mpira,
na miwani ya kuchomelea ya mwanawe Obiero,
moja yake, moja yangu;
tulionekana kama panzi.
Karai chini. Dirisha wazi.
Akalishika bomba pale linapopinda,
akalifungua kwa mkono, taratibu,
kama anayemvua mtoto kiatu chenye tope.

Likatoka.
Sitasema harufu.
Likatoka kamba, nene kama mkia wa paka:
mafuta yaliyoganda, magamba yake,
na nyuzi zangu.
Nyuzi za buluu za sare za shule,
nyuzi nyekundu za kwaya ya Kondele,
kila siku nakung'uta meza ya cherehani
naosha vumbi lake hapohapo.
Gamba moja moja lilikuwa limetungwa kwenye uzi,
safi, kama kazi ya fundi.

Tukalitazama karai.
Hakuna aliyesema, ni wewe.

Sasa nimeweka kipande cha chandarua mdomoni mwa sinki.
Yeye, nasikia, anafuta sufuria kwa gazeti kuukuu
kabla ya kuosha.
Bwana Randiga amepiga simu: Jumatatu.
Kuhusu kamba ya nguo bado hatujazungumza,
na shuka zake leo zimefika upande wangu.

Lakini asubuhi nimeyasikia maji yake
yakipita ndani ya ukuta, moja kwa moja, yakienda zao,
hayakusimama kunisimulia.
Sijui wamekula nini.